Gunsmoke ni ya kusikiliza

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza ni kipindi gani cha zamani, cha redio au televisheni, ambacho kijana wa leo asikikose. Mimi nachagua Gunsmoke, mchezo wa Kimarekani wa enzi za wachunga ng'ombe. Ila nataka akisikilize, asikitazame.

Wengi wanaolijua jina hilo wanamkumbuka James Arness kwenye televisheni, pande la mtu la karibu mita 2, bastola kiunoni. Mchezo huo ulidumu kwenye CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, tangu 1955 hadi 1975, sehemu 635. Lakini ulianza redioni Aprili 1952, na huko Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa mji wa Dodge City, Kansas, alikuwa William Conrad. Sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya mtu aliyechoka kuona watu wakizikwa.

Nafanya kazi zamu ya usiku, na sehemu nyingi za redio nimezisikiliza saa ambazo mji umelala. Kinachonishika ni ukimya wake. Norman Macdonnell, aliyeuongoza mchezo, hakuogopa kuwaacha waigizaji wanyamaze. Dillon anatoka kilabuni: unasikia vyuma vya kuchochea farasi vikilia viatuni mwake, hatua juu ya mbao, mlango, kisha hatua zinafifia anapokanyaga vumbi la barabarani. Mbali huko mbwa anabweka. Hakuna aliyesema neno, nawe umeshajua kuna mtu anakwenda kufa. Yote hayo ni kazi ya mafundi wa milio studioni, na kwangu hao ni waigizaji kamili.

Hadithi zenyewe, nyingi zikiwa za John Meston, hazikumbembeleza msikilizaji. Mara nyingine Dillon anafika amechelewa, anabaki kusimama tu.

Redioni Chester, msaidizi wa Dillon, alikuwa Parley Baer, daktari wa mji alikuwa Howard McNear, na Kitty, mwanamke wa kilabuni, alikuwa Georgia Ellis. Mchezo ulipopelekwa kwenye televisheni, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu na Conrad aliyepewa nafasi yake. Conrad alikuwa mnene, na kamera ilitaka shujaa mrefu mwembamba. Arness simlaumu, aliifanya kazi yake vizuri. Lakini inaniuma kwamba watu waliowapa wahusika hawa uhai walipimwa kwa macho, wakati kazi yao yote ilikuwa ya masikio.

Hata hivyo redio haikuzimwa. Iliendelea hadi Juni 1961, kwa hiyo kwa miaka karibu 6 Wamarekani walikuwa na Dillon wawili, wa kuona na wa kusikia. Na mwaka 1971 CBS hiyohiyo ilimpa Conrad mchezo wake mwenyewe wa televisheni, Cannon, akiwa mpelelezi wa kujitegemea, na unene wake vilevile. Wakati huo Arness alikuwa bado anatembea Dodge City kila wiki.

Kijana akianza kusikiliza, azime taa kwanza.