Maswali ya Wasomaji: Boti ya Kabini ya Mtumba

Barua nyingi za safari hii zinahusu boti za kabini zilizokwisha tumika, za urefu wa mita 7 hadi 10. Tumechagua saba. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Wakubwa wa safu hii, shikamooni. Nimeona boti ya faiba ya mita 8, ina miaka 20. Injini ni moja, V8 ya petroli, imekaa ndani tezini (sehemu ya nyuma ya boti) na mguu wake umetokeza nje. Mita inaonyesha saa 400 tu, na mwenyewe anasifia kwamba haijachoka. Inang'aa kama mpya. Nikague nini kabla sijamlipa mkaguzi?
*Mnunuzi wa mara ya kwanza*

Marahaba. Tuanze na hizo saa 400, kwa kuwa ndizo anazouzia. Ukizigawa kwa miaka 20 unapata saa 20 kwa mwaka, yaani boti imeshinda gatini ikilala. Kama injini inapozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, chumvi imekaa ndani ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda) na viwiko vya eksozi muda wote huo. Vyuma hivyo huliwa kutokea ndani, na kwenye maji ya chumvi hesabu ya kawaida ni kuvibadilisha kila miaka 5 hadi 7. Vikitoboka, maji hurudi kwenye silinda na injini imekwisha. Muulize vilibadilishwa lini, akuonyeshe risiti. Kama hana, hesabu kwamba utavinunua wewe, pande zote mbili pamoja na gasketi, na gharama hiyo uikate kwenye bei.

Nenda asubuhi, na umwambie mapema asiiwashe. Ukifika, gusa injini kabla salamu hazijaisha. Ukikuta ni ya moto, huenda inasumbua kuwaka ikiwa baridi naye hataki ulione hilo. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye weupe wa maziwa imeingia maji. Kisha legeza skrubu ya chini ya mguu, uache oili ya gia kiasi cha vijiko viwili itoke kwenye kikopo. Nayo ikiwa nyeupe, sili za mguu zimechoka. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipimwe kwenye silinda zote nane, injini ikiwa imepata moto na koo la hewa likiwa wazi. Usihangaike sana na namba yenyewe, tazama tofauti. Silinda dhaifu ikiwa ndani ya asilimia 10 ya ile yenye nguvu, hali ni njema. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Sasa rudi nyuma. Pale mguu unapopita kwenye ukuta wa tezi kuna mpira wa mikunjo unaokinga shafti, nao uko chini ya usawa wa maji. Ukipasuka, beringi na jointi za shafti huanza kulia, na usiku mmoja boti huzama ikiwa imefungwa gatini, bila dhoruba wala mwamba. Geuza mguu mpaka mwisho wa upande mmoja ili mikunjo ifunguke, umulike ndani yake kwa tochi, halafu ugeuze upande wa pili. Nyufa ndogo kama za tairi la zamani zinatosha kuuhukumu. Watu makini huubadilisha kila miaka 2 au 3 hata ukionekana mzima.

Linaloua mauziano mengi ni ukuta wa tezi wenyewe. Kwenye boti nyingi za umri huo ni plaiwudi iliyofunikwa faiba, na kila tundu la skrubu ya ngazi, ya vibao vya mizani au ya kipima kina ni mlango wa maji. Gonga ukuta wote kwa nyundo ndogo ya plastiki, sentimita kumi kumi. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkavu: ko, ko. Mahali palipooza hujibu kwa mlio mzito, kama unagonga gunia. Mwombe mwenyewe ruhusa ya kuchomoa skrubu moja ya chini kabisa kwa ndani. Ikitoka na maji au unga mweusi wa mbao, mshukuru uondoke. Kutengeneza ukuta huo ni kutoa injini, kukata faiba na kujenga upya, na kwa boti ya miaka 20 kazi hiyo huweza kuzidi thamani ya boti yote.

Mkaguzi mwite ikiwa yote hayo yamepita. Boti ipandishwe nchi kavu mbele yake, kisha ishushwe na kwenda majini naye akiwemo.

Nimepandisha boti nikakuta vilengelenge kama ishirini chini ya usawa wa maji, vikubwa kama kitufe cha shati. Nimeambiwa boti imeoza. Kweli?
*F.K.*

Si kweli, ndugu. Maji yamepenya jelikoti (ngozi ya nje ya faiba), yakakutana na mabaki ya kemikali kwenye rezini na kuvimbisha tabaka la juu. Toboa kimoja, lakini vaa miwani kwanza, kwa kuwa majimaji yake hutoka kwa kasi. Yatanuka kama siki. Vilengelenge ishirini ni matengenezo ya kawaida: saga kila kimoja mpaka kwenye faiba nzima, osha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi kwa siku kadhaa, acha pakauke, ujaze kwa epoksi. Kosa la karibu kila mtu ni haraka. Kukauka huchukua wiki, pengine miezi, na ukifunika unyevu utaviona tena. Kama vingekuwa mamia, na faiba iliyo chini yake imeanza kuachana tabaka kwa tabaka, tungekupa jibu jingine.

Kitabu cha injini kinasema mizunguko 4,400 hadi 4,800 kwa dakika ikikanyagwa yote. Yangu inaishia 3,900. Fundi anataka kufungua injini.
*Nahodha wa wikiendi*

Asifungue bado. Kwanza thibitisha hiyo 3,900. Mita nyingi za mizunguko zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua silinda 4, 6 au 8. Swichi hiyo ikishika kutu, mita husema uongo. Azima kipimo cha mkononi kinachosoma kwa mwanga, upime kwenye puli ya mbele.

Mita ikiwa mkweli, mtu mmoja akae kwenye usukani asukume gesi mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe utazame kabureta: je, kibao cha hewa kinafunguka wima kabisa? Kebo iliyovutika kidogo tu inakuibia mizunguko mia kadhaa. Halafu tazama chini ya boti. Kome na mwani wa msimu mmoja huweza kula mizunguko 300 au zaidi.

Umeandika pia kwamba mwenye boti wa zamani aliongeza jenereta, tangi la pili la maji na kipaa kigumu juu. Boti imenenepa huku ikiwa na propela ileile. Kila inchi moja unayopunguza kwenye mwendo wa propela (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200. Kwa hiyo ukitoka inchi 19 ukaenda 17 utapata 300 hadi 400. Pima ukiwa na mafuta, maji na watu unaobeba kila siku, na lengo liwe nusu ya juu ya kiwango cha kitabu. Usiizoee 3,900 kwa kudhani unaipumzisha injini. Injini inayosukuma mzigo bila kufikia mizunguko yake hupata moto kupita kiasi ndani ya silinda, na valvu za eksozi ndizo huanza kuungua.

Pampu yangu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) imeandikwa galoni 1,100 kwa saa. Inatosha boti ya mita 9?
*Dada wa baharini*

Dada, namba hiyo ilipimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Galoni 1,100 za Marekani kwa saa ni karibu lita 69 kwa dakika. Ikipandisha maji mita moja kupitia mpira wenye mikunjo, na betri ikiwa haichajiwi, kubaki na lita 40 si ajabu. Sasa linganisha. Mpira wa milimita 25 ukichomoka nusu mita chini ya usawa wa maji, huingiza lita kama 55 kwa dakika. Wa milimita 38 huingiza karibu 130. Pampu kama yako haitashinda hilo tundu la pili. Kazi yake ni kukununulia dakika za kufika kwenye koki uifunge.

Kwa hiyo, kabla ya kununua pampu kubwa, kagua koki zote zilizo chini ya maji. Kila moja ifunguke na kufungwa kwa mkono mmoja, na uizungushe kila mwezi isigande. Koki za shaba ya manjano za kazi ya bomba la nyumbani hazifai hapa: chumvi huondoa zinki iliyomo, chuma hugeuka rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti. Weka za bronzi. Kila mpira ubanwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, mradi shingo ni ndefu ya kutosha. Kando ya kila koki fungia kwa kamba kigingi cha mbao laini chenye ncha.

Pampu yenyewe ipe mpira laini kwa ndani, na tundu la kutolea liwe juu kiasi kwamba halizami boti ikilala upande. Swichi ya kiboya iunganishwe na betri moja kwa moja kupitia fyuzi yake, isipite kwenye swichi kuu, la sivyo ukienda nyumbani pampu nayo inalala. Pampu ya pili kubwa zaidi ifungwe sentimita 10 juu ya ya kwanza, ikiwa na king'ora. Usiweke valvu ya kuzuia maji kurudi. Uchafu kidogo huikwamisha imefungwa. Tukumbushe na hili: pampu ya ampea 4 humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 ndani ya saa 12 hivi.

Stata ya gari inaingia kwenye injini yangu ya boti bila shida na ni rahisi mno. Kuna ubaya?
*R.*

Upo, na ni wa kufa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama kwenye ngama. Chini ya boneti ya gari upepo huupeperusha, ila ndani ya boti hauna pa kwenda. Stata, alternata na distribyuta za boti hufungwa ili cheche za ndani zisiwashe mvuke ulio nje. Kabureta ya boti nayo hurudisha petroli iliyofurika kwenye koo lake, ilhali ya gari humwaga nje. Kila ukitaka kuwasha, endesha feni ya kutoa mvuke kwa dakika 4 zisizopungua, kisha inua kifuniko unuse mwenyewe. Feni inayozunguka na bomba lake likawa limechomoka ni mapambo.

Friji yangu ya volti 12 inazimika usiku. Nataka kubadili betri zote ziwe za lithiamu. Nianzie wapi?
*Mzee wa nanga*

Mzee wetu, anzia kwenye waya. Friji ikiwa inafanya kazi, pima volti kwenye betri, kisha kwenye vituo vya friji yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.4, betri hazina kosa. Friji inayokula ampea 5 ikiwa mita 6 kutoka betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5, hupoteza volti 0.7 njiani; kwa waya wa 4 hupoteza chini ya 0.3. Betri ikishuka usiku, friji iliyopungukiwa hivyo hudhani betri imekwisha na kujizima. Tumia waya uliopakwa bati, na vichwa vyake vibanwe kwa koleo lake maalumu.

Waya ukiwa sawa, hesabu matumizi. Friji ndogo hula kama ampea-saa 45 hadi 60 kwa siku, taa za LED, pampu ya maji na simu 15 au 20. Betri mbili za risasi za ampea-saa 100 zinakupa 100 za kutumia bila kuziumiza, kwa sababu hazipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa kulala nje usiku mmoja zinatosha, na sisi tungebaki nazo. Ukilala siku tatu bila kuwasha injini, hapo lithiamu ya chuma na fosfeti ina maana: unatumia asilimia 80 au zaidi, na uzito ni chini ya nusu.

Usiichomeke tu mahali pa betri ya zamani. Lithiamu hupokea chaji bila kukataa, na alternata iliyozoea kupumzika betri inapojaa itatoa nguvu yote mpaka iungue. Tena kinga ya ndani ya betri ikikata ghafla, volti huruka na kuua dayodi za alternata. Dawa ni kuacha betri ya risasi ya kuwashia injini palepale, alternata ichaji hiyo peke yake, kisha uweke chaja ya kati ya ampea 30 inayotoa umeme kwenye betri ya kuwashia na kuupeleka kwenye lithiamu. Fyuzi ikae karibu kabisa na kituo chanya cha betri, ndani ya sentimita 18.

Zinki zangu zimeisha kwa miezi miwili. Nyingine kwenye boti jirani hazijaliwa kabisa mwaka mzima. Nani ana bahati?
*Jirani mwenye wivu*

Hakuna. Zinki, au anodi, ni kipande kinachoachwa kiliwe badala ya vyuma vya boti; isiyoliwa haijagusana na chuma inachokilinda. Pengine imepakwa rangi, au imefungwa juu ya kutu. Ya kwako ikiisha haraka hivyo, na boti yako hulala imechomekwa umeme wa gatini, hilo ndilo la kushukiwa: waya wa ardhi umeiunganisha na vyuma vya boti zote za gati, nawe unalisha majirani. Chomoa kebo wiki mbili uone. Ukiona nafuu, funga kizuizi cha mkondo kwenye waya huo wa ardhi. Mguu wa alumini upewe anodi za alumini, ambazo hufaa maji ya chumvi na ya mchanganyiko. Za magnesi ni za maji yasiyo na chumvi tu. Badilisha zikifika nusu. Na rangi ya shaba ya kuzuia kome usiipake kwenye mguu huo, hata tone.