Kompyuta ya nyumbani: mimi sasa huizima kila usiku

Kwa miaka minne kompyuta yangu ya mezani haikuzimwa. Nilipoinunua, fundi mmoja aliniambia kuwa kinachoua mashine ni kuwashwa na kuzimwa, nami nikamwamini. Ikawa inawaka mchana na usiku sebuleni kwetu Tabata, niwepo nisiwepo.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, ukarudi tena. Sisi tumelala. Asubuhi nikakuta pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, inanuka kuungua, na hadi diski (hard disk, inayotunza mafaili) inagonga tu, haisomeki. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama ambazo sikuwa nimezinakili kwingine kokote. Bado zinaniuma, ndiyo maana naandika.

Aliyoyasema fundi si uongo mtupu. Mashine ikiwaka vipande vyake hupata joto na kutanuka, ikizimwa hupoa na kusinyaa, na hadi diski hufanya kazi nzito zaidi pale inapoanza kuzunguka. Lakini diski nyingi za kompyuta za mezani zimetengenezwa zihimili kuanzishwa mara 50,000 hivi. Ukiwasha na kuzima mara mbili kwa siku, kwa mwaka ni mara 730. Piga hesabu uone itachukua miaka mingapi. Mashine zetu za Dar zinauawa na vumbi linaloziba feni, joto la Januari na Februari, na huo umeme unaorudi kwa kishindo.

Halafu kuna LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini, hata isipofanya kazi yoyote, inaweza kula wati 80. Kwa saa 24 ni karibu uniti 2, kwa mwezi ni uniti 57 hivi. Ukiiwasha saa 5 tu kwa siku, ni uniti 12. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, uniti hizo 57 zikijumlishwa na matumizi mengine zinaweza kuitoa humo, na hapo bei ya uniti inapanda mno.

Kama hupendi kufungua kazi zako upya kila asubuhi, usitegemee kuilaza (Sleep) tu. Mashine iliyolala inashikilia kazi yako kwa umeme kidogo, na umeme huo ukikatika, usichokihifadhi kinaweza kupotea. Kwa mahali penye katakata kama kwetu, tumia haibaneti (Hibernate): inaandika kila kitu kwenye diski kisha inazima kabisa. Ukiwasha, unakuta kurasa zako pale pale.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: tangu Windows 8, ukizima mashine kwa kawaida sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo ikianza kuwa nzito, kuzima na kuwasha kunaweza kusisaidie. Iristati (Restart), hapo mfumo wote huanza upya.

Najua wapo wanaoiacha kwa sababu ya bando la usiku, na mimi ni mmoja wao nikiwa na faili kubwa la kushusha. Sikatazi. Ila ichomeke kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, yenye betri nzima, na uipangie muda wa kujizima. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika shutdown /s /t 14400, bonyeza Enter; baada ya sekunde hizo, yaani saa 4, itajizima yenyewe. Hifadhi kazi zako kwanza.

Na ukishaizima, chomoa plagi, kwa sababu swichi ya kwenye mashine haizuii umeme wa kishindo. Mvua ya radi ikianza, chomoa na waya wa intaneti. Picha zangu mpya za familia ziko kwenye diski ya nje, nayo inakaa kabatini kwa dada yangu Kimara.