Bwana wangu anaongea siku tatu tu kwa mwaka

*Shangazi, nisaidie kabla Desemba haijafika.*

*Nina miaka 46, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Bwana wangu ana 61, alikuwa soda, mwanajeshi. Alinioa miaka minne iliyopita, akiwa amefiwa na mke. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Desemba mpaka Jumapili yake, wenzake aliokuwa nao vitani Pweto mwaka 2000 wanakutana, wao na mabibi zao. Wanatoka Likasi, Kipushi, Kasumbalesa, hata Kolwezi. Ijumaa wanafika, Jumamosi wanasali na kula, Jumapili wanapita kwa wajane wa wenzao na bahasha. Mwaka huu zamu ya kuwapokea ni yetu.*

*Nimehudhuria mara tatu. Huyu bwana ambaye nyumbani akisema "chumvi imezidi" ni kama amehutubia, kule anacheka mpaka machozi. Wanaongea Kilingala chao cha kambini na mimi ni mtoto wa Likasi, kati ya maneno matano nashika moja. Nikiuliza amesema nini, najibiwa "mambo ya zamani". Usiku radi ikipiga anaamka, anaenda kukaa uani peke yake. Sijaambiwa kwa nini.*

*Kilichonichoma zaidi ni daftari. Jumamosi kabla ya kula, sajini mmoja mzee anasoma majina, ya wanaume kisha ya mabibi. Aliye hai anaitika "Prezan!", yaani nipo. Aliyekufa, wote wanamwitikia. Linasomwa jina la marehemu bibi wa bwana wangu, uwanja mzima unaitika, halafu macho yote yananigeukia. Langu halijasomwa hata mara moja. Mwaka jana lilipoitwa lile nilikuwa nimeshika sinia ya bukari, ugali wetu, nikabaki nimesimama nayo.*

*Nimemwambia bwana sitaki tena. Akanijibu: "Basi siku hizo tatu nenda kwenu Likasi, wamama watapika." Nyumba ni yangu, nitoke mimi? Niende? Nibaki? Nimbane mpaka aniambie ya Pweto?*

*Mama wa Katuba*

Mdogo wangu,

Usiende Likasi. Nalisema hilo mwanzo ili unisome ukiwa umekaa, mfuko wa nguo umeurudisha chini ya kitanda.

Bwana wako alikosea kukujibu vile, na anapaswa kuambiwa. Asiambiwe mbele ya watu, wala usiku. Mngoje ameshiba, amekaa na kijiti chake mdomoni, umwambie: "Wageni wako nitawapokea. Lakini nyumba inayopokea wageni huku mwenye nyumba amefukuzwa, wenzako wataulizana." Kisha unyamaze uondoe sahani. Usiongeze neno. Hawa wanaume wa jeshi ukiwapa maneno mengi wanayapanga mstari na kuyapita. Ukiwapa moja wanalala nalo.

Sasa tuje kwenye kimya chake. Hapo wewe na mimi hatutakubaliana mara moja.

Mimi nimekulia kambini. Baba yangu alizaliwa Kabongo, mama ni mtu wa Kasenga, nyumbani tuliongea Kiswahili kama nyumba yoyote ya mji huu. Ila akitaka kutuchapa, amri ilitoka kwa Kilingala. Ndivyo jeshi letu lilivyo tangu zamani za Force Publique, jeshi la mkoloni. Mbelgiji alichukua kijana huku na kijana kule, akawapa lugha moja ya kuamrishwa, na lugha hiyo imebaki hata jina la jeshi lilipobadilika mara ngapi sijui: ANC, FAZ, FAC, FARDC. Kwa hiyo bwana wako akiongea Kilingala na wenzake hakufichi kitu. Kwake mambo yale yalitokea kwa lugha ile. Akiyageuza kuwa Kiswahili yanamtoka mabovu, kama sombe (kisamvu) ya jana iliyopashwa moto.

Mwaka 1977, vita ya kwanza ya Shaba (ndivyo Katanga yetu ilivyoitwa), baba alipelekwa upande wa Mutshatsha. Alirudi amekonda, akaomba maji ya kuoga, akalala. Hatukusikia zaidi ya hapo. Alikufa sisi tukiwa watu wazima, na kwenye kilio chake, usiku wa pili, mzee mmoja tusiyemjua alisimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akasema: "Huyu alinibeba mgongoni toka asubuhi mpaka jua lilipozama, na kila nikimwambia anishushe ananitukania mama yangu." Watu wakacheka, wakalia. Mama hakucheka wala hakulia. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu yule miaka 31, na habari hiyo aliisikia pamoja na jirani waliokuja kunywa chai ya kilio. Alikasirika, mdogo wangu. Alimkasirikia maiti wiki nzima.

Kwa hiyo hasira yako naijua, niliiona ikikaa kwenye mkeka nyumbani kwetu. Lakini sikia. Yule mzee hakuwa amesimuliwa. Yeye alikuwa ndiye mzigo wenyewe. Na baba kumwambia mama angetakiwa aanzie wapi? Aeleze njia, aeleze kofia, aeleze nani alikuwa mbele na nani nyuma, na akifika pale penyewe koo limeshakauka.

Bwana wako na wenzake hawaelezani. Wanataja tu. Mmoja anasema "ile pantoni" na wote wameshaiona. Unaijua pantoni hiyo? Watu wa rika langu hapa mjini tunaijua. Mwanzoni mwa Desemba 2000, Pweto, pale ziwa Moero linapotoa mto Luvua, iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Jeshi la serikali lilirudi nyuma mbio, magari yakarundikana kwenye kivuko, kifaru kikapandishwa kwenye pantoni, pantoni ikazama. Maelfu, wanajeshi na raia pamoja, waliingia Zambia. Bwana wako alikuwa upande gani wa maji siku ile? Hilo usimuulize. Wala usimbane kwa "niambie ya Pweto", maana swali hilo ni kubwa kuliko mlango wake.

Muulize kitu kidogo. "Kule Zambia mlikula nini siku ya kwanza?" "Viatu vyako ulirudi navyo?" Muulize mikono yenu ikiwa na kazi, mnachambua maharage au anatengeneza kiti. Akijibu, usimfukuze na swali la pili. Akisema "mambo ya zamani", mwambie haya, endelea kuchambua. Labda atajibu mwaka kesho. Labda hatajibu kamwe, na hapo itakubidi uamue kama unaweza kuishi na mwanaume mwema mwenye chumba kimoja kilichofungwa. Mama yangu, hasira ilipopoa, alimtuma mtu amwite yule mzee arudi. Alikuja na kuku, akakaa tangu saa tatu mpaka jioni, akamsimulia yote kuanzia mwanzo. Sikuruhusiwa kuingia.

Huko kuamka usiku radi ikipiga ni jambo jingine, nalo si la kusubiri. Desemba yetu unaijua, mbingu inapasuka karibu kila jioni. Akishtuka, usimshike bega wala usimtikise. Simama miguuni pa kitanda, washa taa kama umeme upo, mwite kwa jina lake la nyumbani, taratibu, mpaka akujue. Akienda uani, mpelekee blanketi, kaa hatua chache naye bila kumhoji. Na kama anakunywa lutuku, ile pombe kali, ili alale, au siku moja ameamka akapiga mkono bila kujua amempiga nani, mpeleke kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, hapa hapa Lubumbashi. Najua watu wanasemaje, "kule ni kwa vichaa". Wanaosema hivyo hawalali chumbani kwenu. Kama mnaogopa macho ya jirani, ombeni mmoja wa hao wenzake amsindikize, utashangaa kusikia nani amekwishapita pale.

Haya, daftari.

Nilipofika hapo kwenye barua yako nilivua miwani. Nilikuona na sinia yako. Kutosomwa jina mara tatu ni kosa, na si dogo. Lakini kabla hujaligombania, fikiri kidogo juu ya yule anayesomwa.

Desemba ile ya 2000 wale wamama walikuwa hapa mjini. Redio Okapi ilikuwa haijaanza, ilikuja 2002. Simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa. Habari ilifika kwa madereva wa malori na kwa watu waliotoka upande wa Kasenga, kila mmoja na yake: wamekufa wote, wamefungwa wote, wako Zambia wanakula samaki. Katikati ya Januari Mzee Kabila, rais wetu, akauawa, mji ukaingia kwenye kilio kingine, na mabibi wa masoda hawakujua hata wamuulize nani. Nilikuwa na jirani wa namna hiyo. Alikuwa anakwenda kwa mwenzake asubuhi, mwenzake anakuja kwake jioni, wanapikia mbabula moja, lile jiko la makaa, ili makaa yatoshe. Chungu kimoja, watoto kumi na moja.

Marehemu wa nyumba yako huenda alikuwa mmoja wao. Wanapomwitikia "Prezan" hawamtaji kama bibi wa bwana wako. Wanamtaja kama mwenzao wa ile mbabula. Na wanapokugeukia, nadhani wewe unayaona macho yanayopima, wakati wao wanaona aibu. Hawajui wakuite nani. Mwanamke akioa nyumba ya watu, samahani, akiolewa, watu humngoja aseme mwenyewe anataka kuwa nani, naye anawangoja wao, miaka mitatu inakwisha hivyo hivyo na sinia inapoa.

Fanya hivi. Kabla ya Desemba, mtafute mama mkubwa kuliko wote katika kundi lile, yule ambaye wengine wanampisha kiti. Nenda kwake na kitu mkononi, mfuko wa maembe unatosha, majira ndiyo hayo. Usianze na malalamiko. Mwambie: "Mama, nisimulie juu ya mwenzenu. Nakaa katika nyumba yake na simjui." Kisha umwache aongee. Akimaliza, na atalia kidogo, hapo ndipo umwambie: "Na mimi jina langu halimo." Mama huyo atajua la kufanya na sajini wake. Usimtume bwana wako akasemee jambo hili. Likitoka kwa wanaume litakuwa amri, na jina lako litasomwa kama la mtu aliyelazimishwa.

Wala usiombe la marehemu lifutwe. Wala usiombe lisomwe chini ya lako. Likae palepale.

Kuhusu mapishi, usijifanye jeshi la mtu mmoja. Watu kama 40, mifuko miwili ya unga ya kilo 25 itafika Jumapili na kitu kikabaki. Wewe pika bukari na sombe, samaki waachie wamama wa Kasumbalesa, finkubala, viwavi wetu, waletwe na atakayewapata kwa bei ya akili. Viti vya kukodi vishike mapema, Desemba ni mwezi wa ndoa na kila mwenye hema anakuwa mfalme. Bia, wanaume wenyewe. Lutuku isivuke mlango wako, hilo liseme Ijumaa wakiwa bado na mizigo mkononi, kwa sauti ya mwenye nyumba.

Na Jumamosi, daftari likifunguliwa, usiwe umeshika kitu chochote. Sinia mpe kijana. Funga kikwembe chako vizuri, kaa kwenye kiti, kati ya wamama, si jikoni wala karibu na bwana. Wakilisoma jina la mwenzenu, itika nao.

Januari niandikie, uniambie walikuita kwa jina gani.

Shangazi