Tetesi za Windows mpya zilinilia hela, wewe usinunue laptopu kwa kuzifuata

Wadau habari za saivi. Kila wiki lazima nipate meseji mbili tatu za aina moja, "mkuu nimesikia Windows 12 inakuja, ninunue laptopu saivi au nivute subira?" Wengine wanakuja washajaa kabisa, wameona picha ya taskibaa (ule mstari wa chini wenye kitufe cha Start) inaelea chini haijagusa ukingo, saa imepandishwa juu kulia, wanakuapia kwamba hiyo ndo yenyewe na mwaka hauishi. Leo nawajibu wote kwa pamoja maana nimechoka kuandika kitu kilekile, alafu hizi tetesi zimeshanilia hela, na mbaya zaidi sio zangu tu, na za mtu aliyeniamini.

Mimi ni fundi, natengeneza na kuuza laptopu za mtumba hapa Dar, zile za maofisini Ulaya, HP EliteBook, Dell Latitude, ThinkPad. Sasa mwanzoni mwa 2021 akaja mama mmoja ana steshenari yake, anataka mashine tatu za kuchapia na kujazia watu fomu za mtandaoni. Nilikuwa na EliteBook 840 G3 na G5, za nje ukiziona utadhani mapacha ila bei zimeachana karibu mara mbili. Mama akauliza tofauti ni nini. Mimi kwa kujiamini kabisa nikamwambia mama yangu usipoteze hela, G3 inatosha, Windows 10 ndo ya mwisho wenyewe wamesema hakuna nyingine, itakuwa inapata apdeti humohumo mpaka mashine ife. Akachukua G3 tatu, akanishukuru na soda juu.

Tarehe 24 Juni mwaka huohuo Microsoft wakatangaza Windows 11. Na masharti yake: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel kuanzia kizazi cha nane. G3 ni kizazi cha sita. G5 ni kizazi cha nane. Yaani ile tofauti ya bei niliyomwambia haina maana ndo ilikuwa maana yenyewe.

Mama hakujua mapema, alikuja kujua baadae kabisa mashine zilivyoanza kumletea lile tangazo la bluu kioo kizima kwamba sapoti (yaani apdeti za usalama) inafika mwisho na kompyuta yako haina sifa za kwenda 11. Nikapita pale dukani kwake, shikamoo mama, marahaba, alafu kimya kidogo, alafu, "Mwanangu, si wewe uliniambia hii ndo ya mwisho?" Aisee. Bora angenitukana.

Lile neno la "ya mwisho" sikulitunga. Mei 2015 kwenye mkutano wa Microsoft kule Chicago unaitwa Ignite, mfanyakazi wao mmoja Jerry Nixon alisema wazi kwamba Windows 10 ndo toleo la mwisho la Windows. Alikuwa anaelezea mpango wa kutoa mabadiliko kidogokidogo badala ya kusubiri miaka mitatu watoe kitu kipya. Ila sentensi ikashika dunia nzima, kila mtu akaibeba kama ahadi, na kampuni haikuhangaika kuikana. Mimi nikaibeba miaka sita nauzia watu mashine. Na kinachoniuma ni hiki, kwenye ukurasa wao wenyewe wa tarehe za sapoti tangu Windows 10 ilipotoka ilikuwa na mwisho wake umeandikwa, Oktoba 14, 2025. Ya mwisho gani hiyo ina tarehe ya kufa? Ila mimi ule ukurasa sikuwahi kuufungua, hauna picha, hauna video, ni jedwali tu kavu. Nani anafungua jedwali.

Sasa nikikaa nikizipanga tetesi zote nilizowahi kuziamini naona zinafanana kitu kimoja, zinaongelea sura na jina. Menyu itakaa wapi, itaitwa 9 au 10, rangi gani, kioo kama maji. Kinachokuja kukutoa hela ni masharti, prosesa gani, ramu ngapi, sapoti mpaka lini, na hayo kwenye tetesi huyakuti, au yapo mstari mmoja chini kabisa, maana hakuna mtu anayebonyeza video ya masharti.

Chukua mwaka 2014. Nilikuwa na laptopu ina Windows 8, ile waliyotoa kitufe cha Start tukawa tunahangaika kama vipofu kutafuta pa kuzimia kompyuta. Mashine yenyewe bawaba zimevunjika, kioo nimekiegemeza kwenye ndoo. Kila mtu anasema Windows 9 inakuja, jina la ndani Threshold, Start inarudi, nikasema sinunui kitu mpaka 9 itoke. Nikaishi na ile ndoo karibu mwaka. Tarehe 30 Septemba wakaja kuonyesha, inaitwa 10, 9 imerukwa, na mpaka leo watu wanabishana kwanini. Kwenye Start tetesi zilisema kweli. Ila ilipotoka Julai 29, 2015 wakasema mwenye 7 au 8.1 anapanda bure ndani ya mwaka mzima. Kwahiyo ningenunua mashine ningali na akili timamu ningeipata 10 bure vilevile, ndoo ile niliegemeza bure.

Alafu kuna ile Windows 10X, hii wengi hamuijui. Ilitangazwa rasmi Oktoba 2019, sio tetesi, watu wa Microsoft wamesimama jukwaani kabisa, ni kwa ajili ya mashine za vioo viwili. Mei 2021 wakasema basi, haitoki. Ile sura yake ya Start kukaa katikati ikahamia Windows 11. Kwahiyo hata kilichotangazwa na wenyewe kinaweza kufa njiani, sembuse cha mtu anayekisia chumbani kwake.

Na hiyo picha ya taskibaa inayoelea mnayonitumia kama mpya, ni ya Oktoba 2022! Ilionekana sekunde chache kwenye skrini ya mkutano wa Ignite, mchoro tu. Kuanzia hapo ikawa Windows 12, ikapewa na jina la ndani Hudson Valley, itatoka 2024. Na kweli 2024 kitu kikatoka, Oktoba, ila kiliitwa Windows 11 24H2, yaani 11 ileile toleo la nusu ya pili ya 2024, na taskibaa ipo palepale chini imeganda. Mwaka uliofuata ikaja 25H2, bado 11. Katikati hapo 2023 kukawa na kelele eti Windows mpya italipiwa kila mwezi kama king'amuzi, watu wameona maneno kwenye faili za majaribio, nikapigiwa simu mpaka na kaka yangu. Kumbe yale maneno yalihusu toleo la vifaa vya viwandani na mashine za aina hiyo, haihusiani na laptopu yako ya kuangalia mpira.

Msidhani ni sisi tu huku tunaochanganywa. Kabla ya Windows Vista kutoka, 2006, kompyuta zilikuwa zinauzwa na stika kwamba zinaweza Vista, na nyingi ziliweza ile ya chini kabisa isiyo na madoido yaliyotangazwa. Wateja Marekani wakaenda mahakamani, na barua pepe za ndani ya Microsoft zikatoka hadharani 2008. Humo mkubwa wao mmoja, Mike Nash, analalamika kwamba yeye mwenyewe aliamini ile stika akanunua laptopu na saivi ana mashine ya dola 2,100 ya kusomea barua pepe. Bosi wa Microsoft! Siku niliyoisoma hiyo nililala vizuri kidogo.

Haya, kwahiyo ununue au usubiri. Kama una kazi ya kufanya, nunua. Kusubiri kuna maana pale tu tarehe ishatangazwa na imebaki miezi miwili mitatu. Ila ukienda kununua acha kuuliza "ina Windows gani", hiyo nitakupigia (yaani kukuwekea) yoyote unayotaka kwa nusu saa, uliza kizazi cha prosesa. Na usimuulize muuzaji, wengine ni kama nilivyokuwa mimi. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika msinfo32, utaona jina la prosesa. Ikiwa i5-6300U, hiyo 6 baada ya kistari ndo kizazi. i5-8350U ni cha nane. i5-10210U ni cha kumi, hapo unasoma mbili za mwanzo. Watu wanapigwa sana kwenye i7, anaona 7 anajua ni kali, kumbe ni i7-4600U, kizazi cha nne, na analipa zaidi ya mwenye i5 ya kizazi cha nane. Stika ya pembeni usiiamini, zinauzwa, mimi mwenyewe ninazo kwenye droo.

Kwa majina ya mtaani: 840 G3 ni kizazi cha sita, G4 nyingi cha saba, G5 nyingi cha nane. Latitude E7470 cha sita, 7490 unapata cha nane. ThinkPad T470 huwa cha sita au cha saba, T480 nyingi ni cha nane ila zipo za cha saba zimejichanganya humo, angalia. Mambo ya TPM mnayosikia, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka, yasiwatishe sana, mashine nyingi za ofisi za kizazi cha sita TPM inayo, kinachozikataza ni prosesa.

Kuna watakaosema mbona fundi fulani kanipigia 11 kwenye G3 na inakwenda. Ndio inakwenda, hata mimi naipiga, kuna programu inaitwa Rufus unatengenezea flashi inaruka yale masharti. Ila mjue Microsoft wamesema wazi mashine ya hivyo hawaidai wala haiwadai, apdeti zinaweza kuja zinaweza zisije, na toleo jipya la kila mwaka mara nyingi itabidi urudi kwa fundi na flashi. Mashine ya kuangalizia muvi sawa. Mashine unayofungulia akaunti ya benki ya duka, mimi siipigi, nimekataa hela za watu kwa hilo.

Kwa mwenye Windows 10 ambaye hana hela ya kubadilisha saivi, wametoa apdeti za usalama za nyongeza mpaka Oktoba 13, 2026. Iwe ni toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10, ingia kwenye Settings sehemu ya Windows Update kuna maneno ya kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akaunti moja inabeba mashine mpaka kumi. Hiyo ya bure ndo nimewafanyia wengi, inataka bando kidogo na uvumilivu. Ila Windows iwe halali, zile za kuchakachua msinilaumu.

Tetesi ya saivi ni kwamba Windows ijayo itataka chipu maalum ya akili mnemba, NPU. Hii angalau ina mguu, kwa sababu tangu Juni 2024 kuna laptopu zinaitwa Copilot+ PC na hizo sharti lake ni NPU ya kufanya hesabu trilioni 40 kwa sekunde, ramu GB 16 na diski kuanzia GB 256. Ila hilo ni sharti la laptopu zenye hiyo nembo, Windows yenyewe ya kawaida 11 bado inaanzia ramu GB 4 na nafasi ya GB 64, japo ukiweka ramu GB 4 utajuta. Ushauri wangu, usilipie NPU kwa kuotea. Hiyo hela weka kwenye ramu GB 16 na SSD nzuri (diski ya kasi), hivyo utavihisi kesho asubuhi ukiwasha mashine, na nionavyo mimi ramu ndo wataibana kwanza kabla ya hiyo chipu.

Yule mama nilimbadilishia mashine moja nikampa G5, nimekula hasara mwenyewe. Mbili zimeandikishwa zile apdeti za bure. Moja kati ya hizo mbili tushakubaliana tutaiweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, maana kazi yake ni kuskani na kuprinti tu. Juzi nimepita pale nikamkuta kijana wake ananionyesha simu, kuna video, taskibaa inaelea. Mama bila kuinua kichwa kwenye fotokopi akamwambia, "Muulize inataka kizazi cha ngapi."