Fundi, nipake rangi au nisipake?

Kaskazi ikianza kuvuma, watu wa Tanga hukumbuka samani zao. Labda ni ule ukavu wa hewa, labda ni harusi tu. Maswali yamenijaa hapa kibandani Ngamiani, nimechagua haya.

Shikamoo fundi. Bibi yetu amefariki akaniachia kabati lake, lina rangi ya kahawia yenye wekundu. Sebule yangu ni nyeupe na kijivu, nikataka kulipaka nyeupe lifanane. Mume wangu anasema nitakuwa nimeliua. Nani kati yetu yuko sawa? Mjukuu, Chumbageni

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Kabla sijawaamua, chomoa droo moja uigeuze chini juu. Hakuna fundi anayepoteza vanishi yake chini ya droo, kwa hiyo hapo ndipo mbao inaposema kweli. Lowesha kidole, sugua. Ukiona wekundu wa kahawia wenye michirizi iliyokoza, huo ni mninga, mti ambao ukiukata hutoa utomvu kama damu. Mvule huanza na umanjano, ukikaa unageuka hudhurungi. Ikiwa mbao inateleza kama imeguswa na mafuta na inanukia ngozi ya zamani, ni msaji, huu ambao vijana wanauita mtiki na unapandwa kule Longuza, Muheza.

Ukikuta mmoja kati ya hiyo mitatu, usipake. Kupaka ni kazi ya alasiri moja na kopo moja, lakini kuitoa rangi ni wiki nzima, na hata hapo haitoki yote. Mninga una vitundu vipana. Rangi nyeupe ikishaingia humo inabaki kama unga kwenye kucha za mpika maandazi.

Haya nayajua kwa aibu yangu. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilipaka krimu kabati la mvule la shangazi, bila praima, maana nilikuwa na haraka ya sikukuu. Baada ya muda madoa ya kahawia yakaanza kuchomoza juu ya rangi, kama chai iliyomwagikia kanzu. Mvule na msaji vina mafuta na utomvu wake, usipoviziba kwanza vinapenya. Shangazi hakusema neno. Alitandika kitambaa cha kufuma juu, na kila nikienda kumsalimia nakiona kile kitambaa.

Kwa hiyo anza na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa kikamuliwe sana, halafu ukaushe papo hapo. Mara nyingi unachodhani ni vanishi iliyokufa ni moshi wa kibatari na mafuta ya mikono ya miaka arobaini. Likishakauka litazame upya. Kama bado linakuchukiza, paka ukuta.

(Mume wako yuko sawa. Usimwambie nimesema mimi.)

Fundi, mgeni ameweka kikombe cha chai ya moto kwenye meza, kimeacha duara jeupe. Nipige msasa? Raskazone

Weka msasa chini. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi, mbao yenyewe haijaguswa. Chukua kitambaa laini chenye spiriti kidogo mno, ukikibonyeza kisitoe tone, upitishe juu haraka haraka bila kutulia. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana: pakianza kunata, juu pamepakwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani, nayo spiriti huiyeyusha, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Doa likiwa jeusi ni habari nyingine, hilo limeshazama kwenye mbao. Lilete.

Nimenunua meza mnadani, ina rangi tabaka tatu: kahawia, chini krimu, chini kabisa kijani. Kijana mmoja anasema ataimwagia kostiki soda, kwa saa moja iwe safi. Nimruhusu? Baba wa watatu, Makorora

Usimruhusu. Itakuwa safi kweli, lakini kostiki hulegeza gundi kwenye maungio, huinua nyuzi za mbao zikawa kama manyoya, na mbao nyingi ngumu zinageuka nyeusi. Utakuwa na meza tupu ya rangi ya mkaa.

Kinachonitisha zaidi ni ile kijani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto linaharibu ubongo wake. Wewe una watatu. Usipige msasa mkavu, wala mashine. Tumia dawa ya kuvulia rangi, nje ya nyumba, ukwangue ikiwa bado mbichi; maganda yafunge kwenye mfuko, sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiwa. Watoto waende kwa shangazi yao siku hiyo.

Au usiivue kabisa. Kama rangi imeshika vizuri na haibanduki, osha, paka mpya juu, maisha yaendelee. Mezani si lazima kila kitu kiwe kumbukumbu.

Kitanda cha besera cha babu kinalia kila mtu akigeuka, na chini kuna unga mweupe. Nikipaka vanishi nzito wadudu watakufa? Kijana, Pongwe

Hawafi. Yale matundu unayoyaona ni milango waliyotokea wakubwa. Mabuu bado wamo ndani wanatafuna. Fagia unga wote, tandaza karatasi nyeusi chini, subiri wiki. Ukikuta unga mpya, wamo. Nunua dawa ya wadudu wa mbao, uingize kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, urudie baada ya siku chache. Oili chafu usithubutu, hakuna rangi wala vanishi itakayoshika hapo tena. Mara nyingi utakuta kilichobunguliwa ni ule mti mweupe wa pembeni, moyo wa mbao umesalimika. Vanishi ije mwisho, na hapo ina faida yake: inaziba vitundu ambamo mdudu angetaga.

Kulia kwake ni maungio. Msipigilie misumari, nawaomba! Chomoa ule ulimi wa mbao, kwangua gundi ya zamani mpaka uone mbao (gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu), paka, rudisha. Huna klampu? Zungushia kamba, pitisha kijiti katikati, kisokote mpaka gundi itoe jasho pembeni, ukifunge hadi kesho. Na uifanye kazi hii kabla ya masika, maana unyevu ule unaivuruga vanishi ikafanya ukungu.

Kabati la mbao za unga wa kushindiliwa, limebanduka ngozi. Usagara

Paka. Rangi uipendayo.

Nyumba yetu ya Pangani ina mlango wa nakshi. Mtu amekuja anataka kuununua, mwingine anashauri tuupake rangi ya mafuta ung'ae. Wajukuu

Wote wawili waambieni wasubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Nendeni mkaulize ofisi ya serikali ya Mambo ya Kale kabla ya kupokea hata shilingi.

Rangi nzito nayo itajaa kwenye mikato ya nakshi, maua yote yawe mavimbe. Toeni vumbi kwa brashi kavu ya nywele laini, toka juu kwenda chini. Bawaba zikilia, tone moja la mafuta.