Nimeuza shamba Nala, sasa nataka kurudisha pesa

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mwezi wa tatu nilimuuzia jirani ekari 2 huku Nala, Dodoma, kwa milioni 8. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, akalipa milioni 6, mbili atamalizia akishauza alizeti. Juzi dalali kaniletea mtu wa milioni 14. Jirani hajamaliza deni wala hajalima. Nikimrudishia zake na laki 5 ya usumbufu, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Nianze na hilo neno lako, "hajamaliza deni". Umelileta likutetee, kumbe ndilo linalokubana. Unamdai bei ya nini kama hujamuuzia? Shamba lilikuwa lake siku ile mlipokubaliana. Milioni 2 ni deni lenye muda, na alizeti bado haijauzwa. Kulima au kutolima ni hiari yake.

Mtume (s.a.w.) amesema muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kughairi maadamu hawajaachana, wameipokea Bukhari na Muslim. Kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kuachana huko ni kwa miili. Mkiwa bado kwenye benchi la mwenyekiti, kidole chako kikiwa na wino wa dole gumba, ungesema "nimeghairi" na yakaisha. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, akinunua kitu kilichompendeza alikuwa akiinuka na kumwacha muuzaji, ili biashara ifunge. Nyinyi mliinuka mwezi wa tatu.

Bei kupanda si kasoro ya mauziano. Serikali imehamia Dodoma, barabara ya mzunguko inapita Nala, kila mtu anajua ardhi inaelekea wapi. Ingeshuka hadi milioni 5, ungempokea jirani akija kudai zake? Sidhani. Na huyo wa milioni 14 ukimpa shamba, utakuwa umeuza mali ya mtu. Dalali hilo halimhusu, yeye anasubiri asilimia yake.

Mlango uliobaki ni iqala, yaani kuombana kuvunja biashara kwa ridhaa. Nenda kwa jirani mwenyewe, bila dalali, umweleze ukweli wote pamoja na hiyo milioni 14. Abu Dawud amepokea kwamba anayemkubalia Muislamu kuvunja mauziano, Allah atamsamehe makosa yake. Ni fadhila kwake, si wajibu, akikataa, usimnunie.

Akikubali, mrudishie milioni 6 kamili na deni lifutike. Ile laki 5 iache, kwa sababu iqala ni kwa bei ileile. Ukizidisha, hiyo si iqala tena, ni wewe unanunua upya, na yeye ana haki ya kukutajia bei ya leo.

Ila kama shamba lilikuwa la mirathi na dada zako hawakuulizwa, niandikie tena. Hapo swali ni jingine kabisa, maana fungu lao hukuwa na haki ya kuliuza tangu mwanzo.

Wallahu aalam.