Vipele vya shingoni na spiriti ya kinyozi

Kaka, umeuliza kama spiriti ya kinyozi itakuondolea vipele vya shingoni. Haitaviondoa. Mara nyingi hivyo ni ndevu zilizojikunja zikaingia tena ndani ya ngozi, na spiriti inakukausha tu, hasa wewe unayesema ngozi inapauka. (Kuchoma si dalili ya kufanya kazi, hata kinyozi akiapa.) Tafuta afta shevu ya krimu isiyo na alkoholi wala manukato makali, yenye glisirini au shubiri, upake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mwenye ngozi ya mafuta, jeli nyepesi inamtosha. Na wembe ufuate ndevu zinakoelekea. Vikitunga usaha, acha kunyoa kwanza, umwone daktari.